Daftari la Yasiyopatikana

Saa tisa alasiri, na nje giza limekwisha kuingia.
Ndiyo Desemba ya huku kaskazini mwa Ufini:
jua huchungulia, huona theluji, hurudi kulala.
Niko mbele ya kompyuta ya maktaba.
Nimeandika neno moja, tabianchi,
nikamwagiwa makala elfu arobaini
kama mtu aliyeomba maji ya kunywa
akafunguliwa bwawa.

Profesa Hyvärinen anataka kurasa ishirini.
Mimi nataka kulala.

"Unatafuta nini hasa?"
Ni Bi Raakel, mkutubi,
soksi za sufu, viatu kaviacha mlangoni,
miwani inaning'inia kifuani kama filimbi ya refa.
Nikamwambia: mto wetu. Barafu yake.
Siku inapovunjika kila mwaka,
na kama siku hiyo inasogea.
"Mbona hukuandika hivyo?"

Nikatazama kibodi.

"Na waliokaa ukingoni miaka mia iliyopita,
wadhani walisema tabianchi?
Walisema barafu imeondoka.
Tafuta kwa neno lao."

Elfu arobaini zikawa tisa.

Ya nne ilikuwa rafu ya chini kabisa.
Nikapiga magoti, nikaivuta: mahubiri matupu,
mchungaji analaani pombe mwezi hadi mwezi.
Lakini kando yake, kidole kimoja kushoto,
kitabu ambacho kompyuta haikunitajia:
hesabu za kivuko, nani alilipa, lini,
na lini mashua ilishindwa kupita.
Kumbe vitabu navyo vina majirani,
na jirani ndiye ajuaye ya nyumba ya pili.

Siku hizi naanzia nyuma.
Faharasa kwanza, kisha tanbihi,
zile herufi za sisimizi chini ya ukurasa
nilizokuwa nikiziruka kama dimbwi.
Tanbihi ya thelathini na moja ikaninong'oneza
kwamba wapasuaji mbao wa kiwandani
walipigiana dau la kahawa:
nani atakisia siku ya barafu kuvunjika?
Mchungaji aweza kukosea tarehe.
Mtu mwenye dau, hakosei.

Daftari la madau halikuwa kwetu.
Bi Raakel akajaza fomu, akapuliza wino,
na wiki ya tatu likafika kutoka Rovaniemi,
limefungwa karatasi ya kaki, lanuka moshi.
Kadi yangu ya uanafunzi,
niliyodhani ni ya kufungulia mlango wa bweni,
kumbe ina mkono mrefu hivi.

Mwaka mmoja ulinipendeza kuliko yote:
barafu iliwahi kwa siku kumi na mbili!
Nikaupigia mstari, nikajenga aya nzima juu yake.
Ndipo nikaona pembeni, kwa penseli hafifu:
Heikura alimwaga majivu usiku. Dau limefutwa.
Majivu meusi hunywa jua, barafu ikalainika.
Aya yangu nayo.
Nikaifuta, nikacheka peke yangu
hadi mvulana wa meza ya pili akavua vipokea sauti.

Ila miaka mitano ya vita haipo popote.
Si kwenye kivuko, si kwenye madau,
si kwenye ghala la magazeti ambako nilipiga chafya siku mbili.
Nikaenda kwa Bi Raakel mikono mitupu.
Hakunipa pole. Akafungua droo,
akatoa daftari la jalada la kijani.
"Andika ulichokikosa, na kote ulikokikosea."

Juu ya mstari wangu, mwandiko wa zamani:
Tarmo Juntunen, mwaka themanini na saba,
mto uleule, miaka ileile mitano.
Ametaja sehemu sita alizokwenda bure.
Nne sikuwa nimezifikiria;
wiki nzima ameniokolea mtu nisiyemjua.

Ya saba hakuikata:
Wajukuu wa mvushaji, nyumba ya manjano, ng'ambo. Sijafika.

Nikavaa koti.
Mto umeganda. Njia ya mkato ipo.